MWENYE MZIGO ANA JINA

Mahubiri ya ibada ya pamoja ya makusanyiko ya Kitale na Bungoma
Masomo: Luka 14:28–32, 2 Samweli 23:13–17, Marko 15:21



Jumanne iliyopita mama mmoja wa kusanyiko letu la Bungoma alinijia na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na pasipoti ya mwanawe wa pili na karatasi alizopewa na ajenti. Aliniomba niiwekee mikono bahasha ile, Mungu afungue mlango, kijana asafiri upesi. Nikamuuliza, "Mama, anaenda kufanya kazi gani?" Akasema, "Ya ulinzi, mchungaji. Urusi. Ati mshahara ni mzuri sana." Nikamuuliza tena, "Huko atalinda nini?" Mama akanyamaza. Halafu akasema, "Mchungaji, ng'ombe wawili tumeshauza."

Wapendwa, sikuiwekea bahasha mikono. Nilimshika mama mkono, tukaomba, nikamwambia anipe mpaka Jumapili. Neno la leo lilizaliwa pale. Kama umekuja kupokea gari, leo vumilia kidogo. Leo tunapiga hesabu.

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu anatoa mifano miwili. Wa kwanza ni wa mtu anayetaka kujenga mnara. Huo tunaupenda, tunauhubiri kila tukichangisha pesa za mabati. Wa pili huwa tunauruka. Ni wa mfalme anayekwenda vitani. Yesu anasema mfalme mwenye akili huketi kwanza na kujiuliza kama jeshi lake la elfu kumi linaweza kumkabili anayekuja na elfu ishirini. Akiona haiwezekani, hutuma wajumbe mapema kuomba amani. Angalia neno hilo: huketi. Hakurupuki. Na anapohesabu, anahesabu nini? Anahesabu watu.

MFALME AMBAYE HAKUKETI

Sasa nataka nikupeleke Tanga, kule pwani ya Tanzania, mwaka 1914. Usiniulize Tanga na Kitale zinahusiana vipi. Tutafika. Mzigo uliowaangukia babu zetu wa Bungoma ulianza kufungwa kule.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza Agosti 1914, Waingereza walikuwa hapa kwetu Kenya, na Wajerumani walikuwa Tanganyika. Uingereza ikaamua kuiteka Tanganyika kutoka baharini. Meli zikatoka Bombay tarehe 16 Oktoba zikiwa na watu kama 8,000. Wengi walikuwa askari wa Kihindi, watoto wa wakulima, pamoja na kikosi cha Waingereza cha Loyal North Lancashire. Mkubwa wao alikuwa Jenerali Arthur Aitken. Walikaa baharini zaidi ya wiki mbili, wamebanana, wanatapika, na wengi wao hawajui hata wanapelekwa wapi.

Meli zilipita Mombasa kwanza. Pale maofisa wa King's African Rifles, jeshi la hapa hapa, walitaka kusaidia. Jenerali akakataa. Aliona kazi ni ndogo. Wapendwa, kiburi hakijaanza juzi.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, meli ya kivita iitwayo Fox ikaingia mbele ya Tanga, na kapteni wake akawataka wenye mji wasalimu amri. Ofisa wa Kijerumani akaomba nafasi ya kushauriana na wakubwa wake. Akashuka, na hakurudi. Habari ikapelekwa upesi, na Wajerumani wakaanza kusomba askari wao kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi. Usiku ule wavamizi wakaanza kushuka Ras Kasone, gizani. Kundi la kwanza likapelekwa mbele alfajiri ya tarehe 3 huku miguu bado ina uzito wa bahari. Likapigwa, likarudishwa nyuma.

Tarehe 4 mchana wakaenda wote. Jua kali, kichaka kinene, mashamba ya mipira na ya mkonge. Wengine walizimia kwa joto kabla hawajaona adui. Wengine waliingia mpaka mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Halafu mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini ikapigwa risasi, nyuki wakatoka, wakawavamia watu. Mpaka leo kuna wanaoviita vita vya nyuki. Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilicheka. Wewe pia unacheka, nakuona.

Lakini ngoja. Upande wa Wajerumani, kwa Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kulikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Kati yao walikufa kama 70. Upande wa wavamizi walikufa kama 360, na wengine zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Hebu fikiria kaburi moja, mama mmoja analia. Sasa fikiria makaburi zaidi ya mia nne kwa siku tatu, katika mji mdogo vile. Kuna mwanamke kijijini India alingoja barua. Kuna mwanamke Uingereza alingoja barua. Kuna mke wa askari Mwafrika hakungoja barua kwa sababu hakuna aliyekuwa na desturi ya kumwandikia.

Kicheko kimeisha, sivyo?

Tarehe 5 Novemba waliobaki wakapanda meli zao wakaondoka, na vitu vingi wakaviacha pwani. Waliacha bunduki mamia, bunduki za rashasha, na risasi 600,000. Lettow-Vorbeck akavitwaa, akawapa askari wake. Mnaona hesabu ya mtu ambaye hakuketi? Alikuja kumaliza vita, akaondoka akiwa amempa adui silaha za kupigania. Jenerali akashushwa cheo, akarudi kwao. Vita havikurudi kwao. Vilibaki hapa miaka minne, mpaka Novemba 1918.

WALIOLIPA

Sasa tumefika Bungoma.

Vita vikiwa virefu, jeshi linakula. Na jeshi lililoingia Tanganyika mwaka 1916 halikuwa na barabara. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Basi chakula, risasi, hema, na hata majeruhi, vyote vilipanda juu ya kichwa cha mtu mweusi. Walianzisha kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Waafrika hawakuweza kulitamka jina hilo la Kiingereza, wakasema Kariakoo. Ukienda Nairobi kununua kiondo pale Kariakor, au ukienda Dar es Salaam sokoni Kariakoo, unatembea juu ya jina lao.

Mwanzoni waliandikisha polepole. Mwaka 1917 serikali ikaamuru kila wilaya itoe watu kwa wingi, na machifu wakapewa idadi ya kutimiza. North Kavirondo, ndiyo hii Bungoma yetu na Kakamega, ilitoa watu wengi sana.

Baba yake kukhu yangu alikuwa mmoja wao. Kukhu alikuwa mtoto, labda wa miaka saba. Alinisimulia mimi nikiwa darasa la tano, tukichambua maharagwe, upande wa Chwele. Alisema baba yake alikuwa anatoka shambani, amepalilia wimbi, jembe liko begani. Watu wa chifu wakamkuta njiani. Hakurudi nyumbani kuaga. Aliomba jembe lipelekwe kwa mke wake, na mmoja wao akawa na huruma, akalileta.

Jembe ndilo lililofika. Yeye hakurudi. Bakoki wake, watu aliotahiriwa nao rika moja, wawili walirudi wamekonda kama mabua. Hao hawakujua alianguka wapi. Mmoja alisema alimwona anaumwa tumbo, akaachwa kando ya njia na mzigo wake akapewa mwingine. Basi. Hiyo ndiyo habari yote tuliyo nayo katika ukoo. Mama yake kukhu alilitundika lile jembe ukutani. Hakuruhusu mtu alitumie. Kukhu alipoolewa, mama yake akalishusha, akampa.

Wengi wa wapagazi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, kichomi, njaa, mvua, na chakula kisichopikwa kikaiva. Kutoka Kenya peke yake wanakadiria kwamba walikufa kama 45,000, askari na wapagazi pamoja. Maana yake ni kama mwanaume mmoja katika kila wanane. Ukichukua wapagazi wote wa upande wa Waingereza, wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Malawi na kwingine, hesabu ya serikali yenyewe inakaribia laki moja. Wapo wanaosema ni zaidi. Na wale waliobebea Wajerumani nani amewahesabu?

Hebu simama hapo, mwanaume. Wewe, na wewe, mpaka wanane. Mmoja aketi. Sasa mwangalie yule aliyeketi. Alikuwa na mke. Alikuwa na jembe.

HESABU YA SERIKALI NA HESABU YA MUNGU

Vita vilipokwisha, watu waligawiwa matunda. Mwaka 1919 serikali ilipanga mashamba ya kuwapa wazungu waliopigana. Sehemu mojawapo ilikuwa hapa hapa Trans Nzoia. Hii ardhi ya Kitale unayoiona, mahindi mpaka macho yanachoka, iligawanywa vipande kwa ajili ya wanajeshi. Na watoto wa wapagazi walipewa nini? Walipewa kipande. Kuanzia mwaka 1920 mwanaume Mwafrika alitakiwa kutembea na karatasi yake ya kazi, ndani ya kibati, kimefungwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Wajomba zangu walipanda kutoka Bungoma kuja kulima katika mashamba haya wakiwa na kibati hicho. Mtoto wa mtu aliyefia vitani alimfanyia kazi mtu aliyerudi kutoka vitani.

Nalisema hili bila kumtukana mtu. Wenye mashamba yale wengi walishaenda, na baadhi yetu tunalima humo leo. Nalisema ili tuone jambo moja. Serikali ile ilijua sana kuhesabu ilipotaka mgongo wa mtu: alipewa namba, chifu akapewa idadi. Ilipofika wakati wa kuomboleza, hesabu ikapotea. Wazungu waliokufa walichongewa majina kwenye mawe. Mpagazi alipata sanamu moja Nairobi, ile iliyoko Kenyatta Avenue, pamoja na askari wawili. Sanamu haina jina lake. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wao wa ulinzi akasimama bungeni akaomba radhi. Ni vizuri. Lakini kukhu yangu alikuwa ameshalala kaburini.

Wapendwa, Yakobo sura ya 5 inasema mshahara uliozuiliwa wa mtu wa shamba una sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hebu ona jina alilolitumia Yakobo. Bwana wa MAJESHI! Mwenye majeshi yote ndiye anayesikiliza kilio cha kibarua. Na katika Mwanzo sura ya 4, Kaini alipoulizwa ndugu yake yuko wapi, alijibu kama ofisa wa jeshi: hiyo si kazi yangu. Mungu akamwambia damu inalia kutoka ardhini. Mungu halazimiki kusubiri ripoti ya tume. Ardhi humwambia.

Mwambie jirani yako: Mungu hakupoteza hesabu.

DAUDI WAWILI

Sasa tuseme na viongozi. Wazee wa kanisa, machifu, baba wa nyumba, wewe mwenye kampuni ya boda boda tano. Yeyote anayemwambia mwenzake "nenda", hili ni lako.

Biblia inatuonyesha Daudi wawili katika mtu mmoja. Daudi wa kwanza yuko pangoni, 2 Samweli 23. Ana kiu, anatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na Wafilisti wako pale. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya adui, wanachota maji, wanamletea. Daudi anayaangalia. Hakunywa. Akayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona kwamba ndani ya kikombe kile mlikuwa na damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Huyu ni kiongozi anayejua bei ya kikombe cha maji.

Daudi wa pili yuko juu ya dari ya nyumba yake, 2 Samweli 11. Ana siri ya kuficha. Anamtuma Uria mahali pagumu pa vita ili afe. Uria akafa, na wengine wakafa pamoja naye, watu ambao hata hawakuwa na kosa la kuoa mke mrembo. Habari ikaja, na Daudi akatuma ujumbe wa kumtuliza Yoabu: usilitie moyoni, vita ndivyo vilivyo. Ni Daudi huyo huyo! Pangoni alihesabu, na kwenye dari hakuhesabu. Tofauti ni nini? Pangoni alikuwa karibu na watu wake, ana kiu pamoja nao. Darini alikuwa mbali.

Mtu akiwa mbali na mzigo, mzigo huwa mwepesi. Jenerali yule aliona Tanga ni kazi ndogo akiwa juu ya meli. Ajenti anaona Urusi ni karibu akiwa ofisini, kwenye kiti kinachozunguka.

MPAGAZI MWENYE JINA

Sasa njoo Marko 15:21, na hapa ndipo nataka ulie au ucheke, lolote Roho atakalokupa.

Yesu anapelekwa kusulubiwa. Askari wa Rumi wanamkuta mtu njiani. Anatoka shamba. Hakuomba kazi, hakuaga nyumbani. Wanamlazimisha abebe mzigo wa vita vyao. Mnamjua mtu huyu? Mimi namjua. Ni baba yake kukhu yangu. Ni babu yako. Katika vitabu vya Rumi mtu huyo hana jina, ni mgongo tu.

Lakini Roho Mtakatifu alipoandika, aliandika jina lake: Simoni. Akaandika kwao: Kirene, na Kirene iko Afrika, upande wa Libya ya leo. Akaandika hata majina ya watoto wake, Iskanda na Rufo. Marko anaandika kama mtu anayesema, si mnawajua hawa vijana? Mbele ya msalaba, wakati mbingu yote inatazama, Mungu alipata nafasi ya kuandika jina la mpagazi Mwafrika na majina ya watoto wake!

Na kuna zaidi. Yule aliyekuwa anatembea mbele ya Simoni hakuwa jenerali wa kutuma wengine tu. Yesu alikuwa ameubeba mzigo kwanza, yeye mwenyewe, mpaka akachoka. Wakubwa wa dunia hupiga hesabu halafu wengine wakalipa. Yesu alipiga hesabu, akalipa mwenyewe, na hakubakiza deni kwa mtu mwingine. Ndiyo maana anaweza kukuambia ubebe msalaba wako umfuate. Anayekuita ana makovu. Amina?

Kwa hiyo baba yake kukhu yangu, aliyeachwa kando ya njia na tumbo linauma, simjui alilala wapi. Lakini namjua anayejua. Yohana 10 inasema mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Hakuna tume itakayompa Yesu orodha.

SASA WEWE, KIJANA

Kijana wa yule mama yuko hapa leo. Sitamtaja. Tulizungumza jana jioni, na amenipa ruhusa niseme.

Kijana, mwaka 1917 walikuja na watu wa chifu. Leo wanakuja na ujumbe wa WhatsApp. Babu yako alikamatwa. Wewe unalipa ili ukamatwe. Mwezi Novemba 2025 serikali yetu yenyewe ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia katika jeshi la Urusi. Wapo walioahidiwa ulinzi, udereva, upishi. Walipofika, wakapewa karatasi za kutia saini kwa lugha wasiyoisoma, na baada ya muda mfupi wako vitani Ukraine. Vita vile si vya Bungoma. Na anayevipanga hajui jina la baba yako.

Sisemi kusafiri ni dhambi. Tuna ndugu zetu Qatar na Saudia, wanaleta fungu la kumi, na watoto wao wanasoma kwa jasho hilo. Najua pia kwa nini unataka kwenda. Una cheti, umezunguka Kitale mpaka viatu vimeisha, na ukikaa nyumbani watu wanakuhesabia chapati. Sitakudanganya kwamba kanisa lina kazi ya kukupa Jumatatu. Lakini kabla hujaondoka, keti, kama Yesu alivyosema.

Keti na swali la kwanza: kazi hii ina jina gani katika karatasi, na karatasi iko katika lugha gani? Kama huwezi kuisoma, hujaajiriwa. Umenunuliwa. Nenda Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira uulize kama ajenti huyo amesajiliwa. Kuuliza si kukosa imani. Mfalme wa Luka 14 hakukosa imani. Aliuliza.

Swali la pili: ukianguka kando ya njia, nani atakayejua? Kama jibu ni "hakuna", basi hata ng'ombe kumi wasikusukume.

Swali la tatu ni la mama na baba: tunamtuma kwa sababu ameitwa, au kwa sababu ng'ombe wameshauzwa? Wapendwa, ng'ombe wawili ni hasara. Inauma, sikatai. Lakini jenerali wa Tanga aliendelea mbele kwa sababu meli zilikuwa zimeshafika. Usimpeleke mtoto kwa sababu meli imeshafika. Meli inaweza kurudi.

TUTAKACHOFANYA

Kanisa letu Kitale na Bungoma litafanya mambo mawili. Kuanzia wiki hii tuna daftari kwa katibu. Kila mtoto wetu aliye ng'ambo, taja jina lake kamili, mji alipo, kazi anayofanya, na namba ya simu ya mtu anayemjua kule. Tutawaombea kwa majina kila Ijumaa kwenye kesha. Wasomaji wenye ndugu ambao simu zao zimezimika, njooni. Hamtaulizwa kwa nini mlimwacha aende.

La pili, wazee wa umri mkubwa, tuleteeni majina ya wale waliochukuliwa Kariakoo na hawakurudi. Jina tu, hata kama humjui baba yake. Tutayasoma kwa sauti mbele ya madhabahu. Hatuwaombei wafu, mnajua mafundisho yetu. Tunawataja ili watoto wajue kwamba watu hao walikuwapo. La kwanza nimeliandika mwenyewe. Lile jembe tunalo bado. Limeliwa na kutu, na mpini umebadilishwa mara nyingi, na liko nyumbani Chwele.

Kijana hajaamua. Ameniambia atanipa jibu. Mama yake ameshika bahasha, iko kwenye mkoba wake hapa ndani. Kanisa, ombeni.

OMBI

Baba katika jina la Yesu, wewe uliyeandika jina la Simoni, andika majina ya watoto wetu. Wale waliofichwa na vita, uwatafute. Wale wanaotaka kuondoka, uwaketishe. Sisi tunaowatuma wengine, tushushe kutoka darini, tuone bei ya maji tunayokunywa. Tusamehe tulipotaka pesa zao kuliko walivyo. Asante kwa Yesu, aliyebeba kwanza. Amina.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Luka 14:28–32. Katika nyumba yako, uamuzi gani ulifanywa bila kuketi? Nani aliyelipa?
2. Linganisha 2 Samweli 23:13–17 na 2 Samweli 11:14–25. Ni nini kilichomfanya Daudi asione bei mara ya pili?
3. Je, katika ukoo wenu kuna mtu aliyechukuliwa Kariakoo? Jina lake nani? Mwambie mtoto mdogo kuliko wote nyumbani kabla ya Jumapili ijayo.